Ushauri: Mdogo wangu ameahidiwa pesa ya NIL Marekani, mzee anataka kuuza ng'ombe

Kaka wa Moiben

Wadau habari zenu. Naomba ushauri wa haraka, hasa kwa waliopitia vyuo vya Marekani kwa riadha.

Mdogo wangu wa kike alimaliza KCSE mwaka juzi na B-. Tangu hapo yuko kambini Iten. Mita 5,000 anazimaliza kwa dakika 16 na sekunde chache, tena kwenye uwanja wa vumbi. Makocha wawili wa Marekani wanamtaka. Wa kwanza ni wa chuo kidogo ambacho huku hakuna aliyewahi kukisikia. Anatoa ufadhili wote, yaani karo, malazi, chakula na vitabu, na barua ameshaituma. Wa pili ni wa chuo kikubwa, kile ambacho kofia zake hata mitumbani zinauzwa. Huyo anatoa nusu ya karo kwa mwaka wa kwanza, halafu anasema "NIL itajaza pengo", yaani zile pesa mwanamichezo wa chuo anazolipwa jina na picha yake vikitumika kwenye matangazo.

Katikati yuko wakala wa hapa Eldoret aliyemuunganisha na huyo wa pili. Anadai NIL ya msichana wa kiwango chake haipungui dola 30,000 kwa mwaka, ila kwanza tumlipe shilingi 250,000 za "kumfungulia akaunti ya NIL". Mzee ameshapata mtu wa kununua ng'ombe wawili wa maziwa. Roho yangu inasita, lakini nikibisha naambiwa namwonea mdogo wangu wivu. Je, hizi pesa ni za kweli? Na mtoto wa Kenya anazipata?

Spaiki Kuukuu

Pesa ni za kweli. Akaunti ya NIL ya kulipia haipo. Mwambieni huyo wakala aandike risiti yenye jina lake na kitambulisho, halafu mtazame atakavyoanza kukohoa.

Nimekimbia huko miaka minne, kwa hiyo nivumilie nikueleze. Zamani NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilimkataza mwanamichezo kupata hata senti kwa jina lake. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, na chuoni hakuruhusiwa kuuza hata picha yake. Edward Cheserek alibeba mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon kati ya 2013 na 2017, mkataba wa viatu akaupata baada ya kumaliza. Mambo yalibadilika Julai 1, 2021, siku chache baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuibwaga NCAA kwa kura 9 kwa 0 katika kesi ya Alston. Tangu siku hiyo mwanamichezo anaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina, picha na sura yake. Hiyo ndiyo NIL.

Mwanzoni ilikuwa haramu kuitumia kama chambo cha usajili. Watu walifanya hivyo chinichini tu. Mwaka 2024 jaji wa Tennessee akaizuia NCAA kuwaadhibu wanaojadili pesa hizo na kijana kabla hajachagua chuo, na hapo usajili ukawa mnada wa wazi. Juni 2025 yakaidhinishwa makubaliano ya kesi ya House, ya wanamichezo walioishtaki NCAA, na sasa chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wanamichezo wake, jumla isizidi kama dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza.

Ukisikia milioni 20 usianze kugawanya. Katika vyuo vingi vikubwa karibu robo tatu ya fungu hilo inakwenda kwa futiboli yao, ule mpira wa kubeba mkononi, na sehemu nzuri ya iliyobaki kwa mpira wa kikapu wa wanaume. Riadha inaokota makombo.

Halafu kuna viza, na hapa ndipo mawakala wanaponyamaza. Mdogo wako ataingia kwa F-1, viza ya mwanafunzi. Viza hiyo inaruhusu kazi ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kazi ya nje ni mpaka apate kibali. Kupiga picha za tangazo, kuposti bidhaa kwa malipo, kusaini fulana dukani, yote hayo yanaweza kuhesabiwa kazi. Serikali yao haijatoa mwongozo ulio wazi, kwa hiyo kila chuo kinajikunia kinavyoweza, na vingi havitaki kabisa kumgusa mwanafunzi wa F-1. Likitokea la kutokea, atakayepanda ndege kurudi ni mdogo wako. Kocha atabaki na kazi yake.

Mjukuu wa Mbagala

Mkuu mbona unamkatisha mwenzako tamaa? Oscar Tshiebwe wa mpira wa kikapu ni Mkongo wa Lubumbashi, alikuwa na viza hiyohiyo pale chuo cha Kentucky na pesa alizipiga. Dogo aende chuo kikubwa, jina kwanza. Nyie waoga ndiyo mnatuchelewesha Waafrika.

Spaiki Kuukuu

Mjukuu, mfano wako ni mzuri kuliko unavyodhani. Tshiebwe alikuwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima mwaka 2022. Unajua kazi zake za NIL alizifanyia wapi? Bahamas. Agosti 2022 Kentucky walikwenda ziara huko, na kwa kuwa alikuwa nje ya ardhi ya Marekani akasaini na kupiga picha za matangazo kwa siku chache hizohizo. Mchezaji bora wa nchi nzima, nyuma yake wanasheria, bado ilibidi avuke bahari. Huyu binti wa Moiben nani atampeleka Bahamas?

Anachoweza ni kufanya kazi ya kampuni ya viatu akiwa likizo huku Iten, picha zipigwe huku. Wanasheria wengi wa uhamiaji hawaoni tatizo hapo, mradi kazi yote ifanyike nje ya Marekani na chuo kijulishwe mapema. Ila kampuni itakuja akishashinda kitu. Hakuna anayelipa dola 30,000 kwa dakika 16.

Jogoo wa Kapsabet

Samahani kwa kuingilia. Hao ng'ombe ni Friesian au Ayrshire? Wanatoa lita ngapi?

Kaka wa Moiben

Jogoo 😂 subiri kwanza tuone uzi unaishia wapi.

Spaiki asante sana. Sasa kocha naye anadanganya, au ni wakala peke yake? Maana kwenye simu kocha alitamka NIL kwa mdomo wake.

Spaiki Kuukuu

Inawezekana kocha hadanganyi, ila anaongea na mtoto wa Kenya kama anavyoongea na mtoto wa Texas. Hata huyo wa Texas, mkataba wa nje ukifika dola 600 au zaidi lazima uripotiwe kwenye mfumo unaoitwa NIL Go, unaoendeshwa na kampuni ya ukaguzi ya Deloitte, ukaguliwe kama ni biashara halisi. Kwa hiyo kocha akisema "itajaza pengo", anaahidi pesa ambayo haiko mfukoni mwake. Jaden Rashada aliahidiwa karibu dola milioni 13.85 acheze futiboli Florida. Pesa haikuja, na mwaka 2024 akaenda mahakamani kushtaki. Huyo alikuwa na mkataba wa maandishi. Ninyi mna simu ya WhatsApp.

Kuna pesa nyingine ambayo hakuna wakala anayeitaja kwa sababu hawezi kuichukulia asilimia. Ile kesi ya Alston iliruhusu vyuo kutoa hadi dola 5,980 kwa mwaka kama tuzo ya masomo. Inahesabiwa msaada wa elimu, haihesabiwi ujira, kwa hiyo hata wa F-1 hupewa pale ambapo chuo kimeamua kuitoa. Waulizeni makocha wote wawili: je, mnatoa fedha za Alston, na je, wanariadha wa mbio ndefu wamo?

Mama Furaha

Mwanangu wa Moiben, mimi ni mama wa Bukavu, tunaishi Iowa. Kijana wangu anacheza basketi na ana kadi ya kijani, kwa hiyo kwake NIL ni halali, anafanya kama Mmarekani. Nakuandikia ujue hata kwetu si asali tupu.

Kaka yake mkubwa aliposajiliwa kabla ya haya mambo, makocha walikaa sebuleni kwangu wakala sombe, wakauliza habari za kanisa na za shule. Safari hii kocha mmoja alinipigia, swali la kwanza: "Mnataka kiasi gani?" Nikashindwa hata kujibu. Mwingine alimpa kijana nafasi, tukafurahi, tukawaambia ndugu. Mwezi wa nne akapiga simu kusema amepata mchezaji wa miaka 22 kutoka chuo kingine, nafasi ya mwanangu imekwisha. Siku hizi wanahama kila mwaka bila kukaa benchi msimu mzima kama zamani, basi kocha anaona afadhali kununua aliyeiva. Kijana wa miaka 18 anangoja nyuma.

Ukiongea na kocha, muulize amekaa chuoni hapo miaka mingapi na mkataba wake unaisha lini. Mimi nilijifunza kuuliza hivyo na wanashangaa, lakini wanajibu.

Spaiki Kuukuu

Mama Furaha umegusa penyewe, na kwenye riadha liko hivyohivyo. Zamani timu ya wanawake ya riadha na mbio za nyika ilikuwa na ufadhili kamili 18 wa kugawana vipande vipande, ndiyo maana kulikuwa na watu wa robo na nusu. Kwa vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya House, kikomo hicho kimeondolewa, badala yake kuna kikomo cha kikosi: mbio za nyika watu 17, riadha 45. Kocha mwenye nafasi 17 hana muda wa kulea mtu miaka miwili. Anataka anayefunga pointi Novemba hii. Ndiyo sababu simu za kuja Iten zimeongezeka. Hawajaanza kutupenda zaidi, hesabu yao ndiyo imebadilika.

Upande wa pili, pesa ya kuwalipa wachezaji wa futiboli inatafutwa mahali. Washington State, chuo cha Rono, Juni 2025 walitangaza kufuta michezo ya kurusha na kuruka na kupunguza mbio fupi, wakabaki na mbio ndefu. Sisi wa mbio ndefu tulipona kwa kuwa viatu na basi ni gharama ndogo. Mwakani sijui.

Nami nina swali. Tangu KCSE amekimbia mashindano gani, na amepokea zawadi za fedha? Kanuni inampa mwaka mmoja baada ya shule ya upili. Mashindano anayokimbia baada ya hapo yanaweza kumkata msimu, na zawadi zinaweza kumletea maswali kwenye usajili wa NCAA. Asifiche kitu. Matokeo yako mtandaoni, wataona.

Kaka wa Moiben

Amekimbia mbio za barabarani mbili tatu, moja alipewa shilingi 15,000. Nitamwambia aandike zote.

Hesabu za Mkato

Mimi ni mhasibu huku Minnesota, nawafanyia wanafunzi kodi kila mwaka. Niongeze la wakala kwanza: ukiwa Uasin Gishu na bado unalipa mtu pesa za "kumfungulia" mtoto njia ya ng'ambo baada ya ile kashfa ya ufadhili wa masomo wa Finland na Canada iliyomeza pesa za wazazi, basi.

Kodi sasa. Ufadhili wa karo na vitabu haukatwi. Malazi na chakula hukatwa, na kwa mwenye F-1 asiye mkazi kiwango ni asilimia 14. Malazi na chakula vikiwa dola 14,000, kodi ni dola 1,960, na yeye hajashika hata noti moja mkononi. Vyuo vingine vinailipa, vingine vinaiandika kwenye akaunti ya mwanafunzi kama deni, na akidaiwa hasajili masomo ya muhula unaofuata. Nimemwona msichana wa mbio ndefu analia ofisini kwangu kwa dola 900 za namna hiyo. Ulizeni mapema nani analipa. Na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo pesa nyingine yoyote atakayolipwa huku nje ya ufadhili na mshahara wa kazi ya chuoni, mara nyingi inakatwa asilimia 30 juu kwa juu.

Mjukuu wa Mbagala

Hapo kwenye 30 nimekaa chini. Bado nasema jina la chuo lina thamani, ila lipeni kwa miguu, msilipe kwa ng'ombe.

Kaka wa Moiben

Mrejesho. Niliandikia ofisi ya kanuni za michezo ya hicho chuo kikubwa, anwani nikaitoa kwenye tovuti yao wenyewe. Walijibu kesho yake kwa upole sana. Hakuna ada ya NIL ya aina yoyote, hawamtambui huyo wakala, na kwa sasa hawawapi wanafunzi wa F-1 mgao wa mapato, yaani zile pesa ambazo chuo chenyewe kinalipa. Nikamsomea mzee kwa Kikalenjin sentensi kwa sentensi. Alinyamaza, akauliza kama barua ile ina muhuri 😅. Wakala sasa anasema 250,000 zilikuwa za "usafiri na uratibu".

Kocha wa chuo kikubwa tumemwomba ufadhili wote kwa maandishi. Amesema atarudi kwetu baada ya wiki mbili. Yule wa chuo kidogo ana miaka 11 hapo, Alston hawana, kodi ya malazi chuo kinalipa. Barua yake imeandikwa mwaka mmoja, inahuishwa. Tuiombe ya miaka minne, au tutaonekana wasumbufu?

Spaiki Kuukuu

Iombeni. Kocha wa miaka 11 ameshaombwa mara nyingi. Akikataa minne, mwombe aandike kwamba jeraha halitamfutia ufadhili, kwa sababu kwa wasichana wetu mguu huvunjika mwaka wa kwanza, kilomita zinapoongezwa na chakula kimebadilika. Uliza pia mabweni yakifungwa Krismasi atalala wapi na nani anamlisha.

Msingoje wiki mbili za yule mwingine mikono mitupu. Mwambie wa kwanza aanze I-20, ile fomu ya chuo ya kuombea viza. Ikifika, lipeni SEVIS, ada ya kumsajili mwanafunzi wa kigeni, dola 350 kwenye tovuti ya serikali yao yenyewe na viza dola 185, na mtafute miadi ya ubalozi wa Marekani pale Gigiri siku hiyohiyo. Timu za mbio za nyika zinakusanyika Agosti.