"Sina budi": hiyo budi ni kitu gani?

Fundi wa Birere
Jambo wandugu. Mimi ni fundi wa kushona hapa Birere, Goma. Mteja mmoja aliyewahi kuishi Dar es Salaam aliniletea kitambaa cha suti. Suruali akaichukua kwa deni, koti likabaki na mkono mmoja. Nimemdai wiki tatu. Mwishowe akaniandikia: "Fundi, sina budi kukulipa Ijumaa." Nikamwambia mke wangu tumekwisha, huyu hana budi! Nilidhani budi ni feza. Jirani akanieleza kuwa maana yake ni lazima alipe. Ijumaa ikapita, hakuonekana. Sasa, kama ni lazima, mbona inaanza na "sina"? Kuna mtu duniani aliye nayo?

Mwalimu Ndosho
Ni neno lililotoka Kiarabu, *budd*: njia ya kukwepa jambo. Waarabu husema *la budda*, yaani hakuna pa kukwepea. Kiswahili kililichukua pamoja na kukanusha kwake, ndiyo maana husikii mtu akijisifu "nina budi". Mteja wako alikiri kwamba mlango wa nyuma umefungwa. Sisi huku tunasema "hakuna namna", na wazo ni lilelile.

Mama Kituku
Umefungwa wapi, mwalimu? Huyo budi anayo, tena pana! Mimi nauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wadeni nawajua. Anayenikwepa tunaonana, ila akiniona anakata kona. Aliyehepa aliondoka polepole kama anaenda kununua makala ya kupikia. Aliyetoroka huyo yuko Gisenyi, ng'ambo ya mpaka kule Rwanda, usimngoje. Na kukimbia ni kitu kingine kabisa, msikichanganye na deni. Mwaka 2021 Nyiragongo ilipolipuka, tulikimbia mlima tukakimbilia Sake, mimi na watoto na godoro moja. Angalieni hiyo "li" ndogo katikati: kukimbia ni kuacha, kukimbilia ni kuwa na pa kufikia. Wengine siku ile walikimbia tu.

Mwalimu Ndosho
Kweli mama, na ndimo "kimbilio" lilimotoka. Fundi, lile koti unalo bado? Nauliza kwa sababu *échapper* ya Kifaransa, yaani kuponyoka, wataalamu huipeleka kwenye Kilatini cha mitaani: *ex*, nje, na *cappa*, joho. Anayekukamata anabaki ameshika joho, wewe umeshachomoka. Kama Yosefu na mke wa Potifa, Mwanzo 39.

Fundi wa Birere
Ninalo! Linaning'inia hapa juu ya mashine, chaki bado iko begani. Kumbe jamaa alinifanyia *échapper* kamili, na mimi ndiye mke wa Potifa. Aksanti mwalimu, aksanti mama. Kesho nashona mkono wa pili. Ni rangi ya kijivu, saizi 52, bitana nzuri. Nani analitaka? Kwa deni hapana.