MM/GBSA inanipa -87 kcal/mol kwa barnase na barstar, nirekebishe nini?

Chembe_Hai
Wakuu, nakokotoa kwa MM/GBSA (njia ya haraka ya kukadiria nishati ya mshikamano kutoka kwenye uigaji) nguvu ya mshikamano wa protini mbili, barnase na barstar (muundo 1BRS wa hifadhi ya PDB, minyororo A na D). Vipimo vya maabara vinasema Kd (ikiwa ndogo, mshikamano ni mkali) ni takriban 10⁻¹⁴ M, yaani kama -19 kcal/mol kwenye nyuzi 25. Nimefanya uigaji wa nanosekunde 50 kwa programu ya GROMACS, kisha gmx_MMPBSA: igb=5 (modeli ya maji), chumvi 0.15 M, fremu (picha za uigaji) 500, bila entropia. Jibu ni -87 ± 8, na fremu chache zinaruka hadi karibu na sifuri.

Mkokotoaji
Mkuu, anza na hizo za sifuri. Karibu kila mara ni protini moja imevuka ukuta wa sanduku ikatokea upande wa pili, na programu inaona zimeachana. Pitisha trajektori (faili la mwendo wa uigaji) kwenye `gmx trjconv -pbc nojump`, ukihakikisha muundo unaoupa kwa `-s` una protini zote mbili pamoja, la sivyo kosa linabaki palepale. Itazame kwa macho kabla ya kukokotoa tena.

-87 yenyewe haishangazi. Protini zikishikana hupoteza uhuru wa kusogea na kuzunguka, na gharama hiyo (ndiyo entropia) hujaihesabu. Tena umetumia trajektori moja, kwa hiyo gharama ya kila protini kubadili umbo haionekani kabisa. Kubwa zaidi ni chaji: asidi amino chanya Lys27, Arg59, Arg83 na Arg87 za barnase zinatazamana na zile hasi Asp35, Asp39 na Glu76 za barstar. Mvutano wa umeme na gharama ya kuondoa maji ni namba kubwa zenye alama kinyume, na jibu lako ni mabaki yake. Kosa dogo kwenye mojawapo linakuvuruga kabisa. Jaribu intdiel (kigezo kinachopunguza nguvu ya umeme ndani ya protini) 2 na 4 uone jibu linavyoyumba.

Nishati_Huru
Hiyo ±8 ni mtawanyiko wa fremu, si kosa la wastani. Wala usiigawe kwa mzizi wa 500 ukapata 0.36, maana fremu jirani zinafanana mno. Afadhali uigaji mfupi 10 wenye kasi tofauti za kuanzia, kisha utumie wastani wa kila mmoja.

Na -19 usiitafute kwa njia hii. Linganisha mabadiliko: Asp39 ya barstar ikibadilishwa kuwa alanini mshikamano hupungua kwa takriban 7.7 kcal/mol, Lys27 ya barnase 5.4, Glu80 ya barstar 0.5 tu. Mpangilio huo ukitoka sawa, mfumo wako unafaa.

Chembe_Hai
Nikiongeza entropia kwa njia ya IE (interaction entropy) je?

Nishati_Huru
Angalia σ (mtawanyiko) ya nishati ya mwingiliano. Ikizidi 3.6 kcal/mol achana nayo, na kwa chaji hizi itazidi.

Mvuta_Springi
Anayetaka namba kamili atumie umbrella sampling, yaani kutenganisha protini hatua kwa hatua, kila hatua (dirisha) ikishikiliwa na springi: madirisha kila nm 0.1, springi ya 1000 kJ/mol/nm², vizuizi vya mwelekeo, na sanduku refu. Springi hiyo huacha mtikisiko wa takriban nm 0.05, kwa hiyo madirisha yatapishana vizuri. Kina cha PMF (mchoro wa nishati kadiri protini zinavyoachana) pekee si ΔG° (nishati sanifu ya mshikamano). Hesabu pia gharama ya vizuizi na ujazo sanifu wa Å³ 1661 kwa molekuli. Halafu kumbuka barstar ya 1BRS imebadilishwa Cys40 na Cys82 kuwa alanini, kwa hiyo chagua kipimo cha maabara kinachoendana nayo.