Mrejesho: Yamaha DX7 yangu imerudisha sauti zake

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini kinanda changu cha Yamaha DX7, sinthesaiza iliyoingia sokoni mwaka 1983, kilikuwa kikionyesha majina yasiyosomeka kwenye kioo na kutoa milio ya ajabu badala ya sauti nilizozihifadhi. Wengi mlinielekeza kwenye betri ya ndani, ile inayotunza kumbukumbu ya sauti kinanda kikizimwa, na mlikuwa sahihi kabisa: nilipoipima kwa mita ilikuwa na volti 1.4 tu, ilhali betri nzima huwa na 3.

Betri hiyo ilikuwa imechomelewa kwenye bodi yenyewe, kwa hiyo nilimwomba fundi wa redio aitoe na kuweka kishikio cha betri ya CR2032 (ile ndogo bapa kama sarafu), ili siku nyingine niibadilishe bila kuchomelea. Risasi ya kuchomelea ya zamani ilikataa kuyeyuka, ikabidi aongeze mpya kidogo juu yake ndipo miguu ya betri ikaachia.

Kilichonisumbua zaidi ni kurudisha sauti 32 za kiwandani kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa MIDI, yaani njia ya vinanda na kompyuta kupeana data. Faili lake lina baiti 4,104 tu, lakini kinanda hulikataa mpaka uondoe ulinzi wa kumbukumbu na pia ukiruhusu kupokea taarifa za mfumo. Hatua hii ya pili sikuijua, nikapoteza jioni nzima.

Jana usiku sauti ile ya piano ya umeme ya DX7, yenye mguso wa kengele mwanzoni mwa kila noti, ilisikika tena chumbani kwangu. Nawashukuru kwa dhati.