MREJESHO: Sintesaiza ya mashine au ya programu?

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama ninunue sintesaiza yenyewe (ala ya kielektroniki ya kutengeneza sauti za muziki) au nitumie programu kwenye laptop, wengi mkasema nianze na programu. Nimewasikiliza. Vital na Surge XT, programu mbili za sintesaiza, zote nimezipata bure, na besi zake zimeshiba kweli. Tena umeme ukikatika naendelea na betri. Nikibonyeza kibodi ya MIDI (ya kupigia programu hizo), sauti ilikuwa inachelewa kutoka. Uliyeniambia niweke ASIO4ALL (programu ya Windows ya kupunguza ucheleweshaji wa sauti) na kushusha bafa, yaani akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa, hadi sampuli 128, ubarikiwe sana mkuu, tatizo limekwisha. Ila laptop yangu ya RAM GB 4 inalemewa: ala zikizidi, sauti inakatakata, kwa hiyo kila ala naigeuza kwanza kuwa faili ya sauti (WAV). Kwenye harusi huku Ujiji bado naazima kinanda cha kwaya, laptop jukwaani siiamini. Asanteni.