MREJESHO: Jengo letu la kale na lipu ya saruji

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini kuta za mawe na chokaa za jengo linalotunzwa na chama chetu cha historia zinabanduka rangi na kutoa unga mweupe chini, ilhali tulizipiga lipu ya saruji juzijuzi tu. Mkasema saruji ndiyo mchawi: imeziba, unyevu unaopanda kutoka ardhini hauna pa kutokea.

Asanteni sana. Tuliibandua yote, tukaacha ukuta ukauke, ndipo tukapiga chokaa na mchanga kwa matabaka membamba. Ndani pamekauka, ukiweka kiganja, ule ubaridi haupo. Nje ni kosa letu: kazi iliisha jua likiwa utosini, tukachelewa kufunika kwa magunia yaliyoloweshwa, ukuta ukapasuka kama tope la kiangazi. Tutaurudia.

Aliyesisitiza tupige picha kabla ya kushika patasi, ubarikiwe. Chini ya saruji lilitokea dirisha lililozibwa, na wanachama waliopotea mikutanoni sasa wanakuja kulibishania. Ada tu ndiyo bado hawalipi.