Naombeni ushauri: gundi gani inashika kitambaa kwenye plastiki?

KipandeChaWaya (mleta uzi)
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nina miaka 16. Tangu nikiwa darasa la tano natengeneza vitu kwa takataka za nyumbani: maboksi, vifuniko vya chupa, magazeti, ndala zilizokatika. Sasa hivi nina kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya, sanamu ya mtu aliyekaa kwenye stuli, kimo cha mtu mzima. Mifupa ni waya na vyuma vya feni mbovu, kifua ni dumu la lita 20, vidole ni vijiti vya mwavuli uliovunjika. Kichwa ni magazeti na gundi ya unga wa ngano.

Tatizo ni nguo. Nabandika kitambaa kwenye dumu kwa gundi nyeupe, kikikauka kinabanduka chote kama gamba la kidonda. Maonyesho ya shule ni Jumamosi. Kitambaa kimebaki kidogo na kingine hakuna. Naombeni msaada wa haraka, usingizi sina.

MzeeWaMsasa
Marahaba mwanangu. Gundi nyeupe inapenda vitu vinavyonyonya: karatasi, mbao, boksi, pamba. Dumu halinyonyi chochote, uso wake unateleza kama umepakwa nta. Ukipiga msasa utapata nafuu kidogo, lakini usiitegemee. Achana na gundi kabisa. Toboa matundu madogo kwa keekee, kisha shona. El Anatsui, msanii mzaliwa wa Ghana aliyefundisha chuo kikuu Nigeria miaka mingi, anaunganisha maelfu ya vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba mpaka vinalegea na kukunjika kama shuka. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake yote. Na usije ukayeyusha plastiki kwa moto ndani ya nyumba, ule moshi ni sumu.

BahariTulivu
Miaka 16 ni umri wa kushika daftari. Sanaa haikimbii, mtihani ndio unakimbia. Wazazi wako wanasemaje kuhusu huo uchafu ndani?

KondaMstaafu
Mmenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa bingwa wa magari ya waya mtaa mzima. Magurudumu nilikata kwenye kandambili, usukani mrefu unaendesha umesimama. Siku moja nikakosa kandambili mbovu, nikakata za shangazi, mpya. Nilichapwa, lakini lile gari lilikuwa na stelingi inayokata kona kweli kweli! Mpaka leo nikiona waya umelala chini naokota.

MwanaUkungu
Hicho kichwa cha unga kimekauka vizuri? Chungulia nyuma ya masikio.

KipandeChaWaya
@MwanaUkungu umejuaje? Kuna ukungu wa kijani nyuma ya sikio la kushoto, nimeuona leo asubuhi.

@MzeeWaMsasa asante sana, ila kushona nakuogopa. Sindano ikikosea inaacha tundu kwenye kitambaa.

MwanaUkungu
Umepandisha matabaka mengi kwa siku moja. Juu pamekauka, ndani bado uji. Kata pale penye ukungu, acha palale wazi penye upepo siku nzima, ndipo ubandike tena tabaka moja moja. Kwenye unga tia chumvi. Mimi natia na mafuta ya karafuu matone machache.

DadaMkubwa
Subirini kidogo. Binti, kitambaa kipo kila mahali, hata shuka lililochakaa ni kitambaa. Hicho kisichoruhusiwa tundu la sindano ni kitambaa gani?

KipandeChaWaya
Ni cha kawaida tu dada. Nimeipenda rangi yake.

DadaMkubwa
Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya rangi. Kimetoka wapi, mdogo wangu?

KipandeChaWaya
Ni mashati ya baba. Alifariki mwaka juzi. Sanamu ni yeye, amekaa kwenye stuli yake ya kazini, alikuwa fundi wa redio. Mama aliyaweka mashati matano kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nimechukua matatu, nimeshayakata. Mama hajui.

Kabla hamjanisema, sikuyaharibu. Yalikuwa yamekaa gizani, moja nondo walishaanza kulitoboa kwapani. Mimi nayatoa ili watu wamwone. Na mama amealikwa Jumamosi. Nataka ayaone pale pale yakiwa yamevaliwa. Akijua kabla, hatakubali, na kazi yote itakuwa bure.

BahariTulivu
Nilijua tu kuna jambo. Kuchukua bila kuomba ni kuiba, hata kama ni kwa mama yako.

KondaMstaafu
Pole sana mwanangu. Mimi baba alipoondoka aliniachia saa ya mkononi, haifanyi kazi hadi leo, na sijawahi kuipeleka kwa fundi. Najua ataibadilisha mshale. Sitaki ibadilishwe hata mshale.

JichoLaTatu
Wakuu mnalia bure, hii ni chai. Akaunti imefunguliwa jana. Kaanza na gundi, akaja na marehemu, kesho italetwa namba ya simu ya kuchangia. Halafu jiulizeni, mtoto wa miaka 16 atasimamishaje sanamu ya kimo cha mtu mzima chumbani, mama asiione? Nimeziona nyuzi za namna hii nyingi.

Mpita_Njia
Picha au tufunge uzi.

JichoLaTatu
Ongezea: mwambieni ataje mikono ya mashati aliyonayo. Mwongo huwa hahesabu.

KipandeChaWaya
Mikono mirefu minne.

JichoLaTatu
Haya! Mashati matatu, mikono minne. Hesabu ya darasa la pili. Mods fungeni.

KipandeChaWaya
Shati moja ni la mikono mifupi. Ndilo nililolikata kwanza kwa sababu niliona litaniuma kidogo.

Sanamu ipo kwenye chumba cha sanaa cha shule, mwalimu ana ufunguo. Picha siweki, watu wa nyumbani wanaingia humu. Wala sihitaji pesa ya mtu. Nimeuliza gundi.

Hayo mengine mawili ni ya mikono mirefu, lakini baba hakuwahi kuishusha. Alikuwa anaikunja hadi chini ya kiwiko ili isiguse risasi iliyoyeyuka wakati anachomelea. Ile mikunjo haitoki. Nimepiga pasi mara mbili, mstari unabaki, na ndani ya mkunjo rangi ni ya bluu nzito kuliko nje. Pale sikukata. Mkono wa kulia una doa dogo la kahawia, limechomeka. Gundi ikipita juu ya lile doa halitaonekana tena. Ndiyo maana silali.

DadaMkubwa
@JichoLaTatu umeridhika?

JichoLaTatu
Hilo la kuchomelea sikulitarajia. Nasubiri.

MzeeWaMsasa
Mwanangu, mimi ni seremala, nimefanya kazi na gundi miaka 31. Nakwambia kwa nini nilisema ushone. Gundi ukishaipaka hairudi nyuma. Inaingia ndani ya nyuzi, inakuwa ngumu, na ukibandua unachana. Uzi unaukata kwa mkasi unautoa, shati linabaki shati na vitundu vya sindano visivyoonekana. Vipande ulivyokwisha kukata vinaungika pia kwa mshono. Yale mawili usiyoyagusa, yaache yalipo. Kifua kivike magazeti kwanza, mafundo mawili matatu ya waya yashike, kisha mvalishe shati kama anavyovalishwa mtu, lishone kwenye karatasi wala lisifike kwenye plastiki.

Na mama yako mwambie leo, si Jumamosi. Mbele za watu atakosa hata pa kulilia.

KipandeChaWaya
Mzee naelewa, lakini akikataa?

DadaMkubwa
Akikataa amekataa. Hilo sanduku huwa halifungui?

KipandeChaWaya
Simuonagi akilifungua.

Samahani, nimedanganya. Usiku wa kuamkia jana nimesikia kufuli la bati. Alikaa muda mrefu, kisha akafunga. Asubuhi hakuniuliza kitu. Nimekuja kufungua akaunti humu mchana wake.

BahariTulivu
Basi anajua, binti. Anakusubiri wewe useme.

Mpita_Njia
Dah.

KipandeChaWaya
Nimerudi. Nimemwambia.

Hakunigombeza, na hakusema sawa pia. Aliniambia nilete nilivyovikata. Leo mchana nimevitoa shuleni kwenye mfuko. Akavipanga kitandani kimoja kimoja. Kola aliishika sana. Alipofika kwenye mikono akaniuliza nani kakunja hivi. Nikasema mimi, nilirudishia mikunjo ilivyokuwa. Akasema wa kushoto nimekosea, baba alikuwa anaukunja mara mbili tu kwa sababu ya saa, wa kulia ndio mara tatu. Akaukunjua, akaukunja upya mwenyewe.

Yale mashati mawili mazima ameyahamishia kabatini kwake, amesema yasiguswe. Hayo mengine amenirudishia. Ile ya Jumamosi hajasema kama atakuja.

Ila ametoa kopo lake la sindano. Anauliza, uzi uwe wa pamba au wa nailoni?

MzeeWaMsasa
Pamba. Nailoni ina nguvu kuliko shati la zamani, ikivutwa itakata kitambaa badala ya kukatika yenyewe. Mwambie mama ashone kwa mishono mirefu, na kwenye lile doa apite pembeni.