Ushauri: mkuu wa kituo anataka picha zifanane na za ubaoni, mimi nataka kila mtoto afanye yake

Mama Sindano aliandika:

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Niko Lubumbashi, Katuba. Kazi yangu ni ushonaji, ila zamani nilipita Beaux-Arts, chuo cha sanaa, miaka miwili kabla ada haijanishinda, na mtaa haujasahau. Sasa kituo cha jamii cha hapa kimenipa darasa la sanaa na kazi za mikono kila Jumamosi asubuhi. Watoto ni thelathini na kitu, wa miaka 6 wamechanganyika na wa 14, chumba kimoja, meza ndefu nne, bomba liko uani na maji yake ni ya kubahatisha.

Vifaa ni karatasi na kalamu za rangi, zikiisha tunasubiri mwezi ujao. Hilo nimelizoea. Linalonikosesha usingizi ni jingine. Jumamosi iliyopita tulifinyanga vichwa. Kuna mtoto mmoja, mkimya sana, alitengeneza kichwa cha babu yake: jicho moja limepanda juu kuliko mwenzake, mdomo wazi, meno kayapanga kwa punje za mahindi na mahali pawili kaacha pengo kwa sababu babu hana. Mama yake alipokuja kumchukua akakitazama, akanitazama na mimi, akasema, "Hii njo tunalipia?" Kichwa kikabaki juu ya ukuta wa uani.

Mkuu wa kituo naye ana lake. Anataka nichore mfano ubaoni, mamba muntu (yule nguva wa picha za sebuleni) au twiga, wote wafuate, ili Desemba wafadhili wakija wakute ukuta umepangika. Na wale wakubwa anasema tuwaombee vipande vya malakiti, lile jiwe la kijani, kwenye karakana, wajifunze kusaga pete na mayai ya kuuza.

Sikatai kila kitu. Lakini nikiwachorea twiga mmoja nitaishia na twiga thelathini, wote wangu. Mnaonaje? Na wenye uzoefu: hawa wa miaka 6 na wa 14 mnawaweka vipi pamoja?

Fundi Gunia:

Dada Sindano, mimi nachora na ninauza, basi usishangae nikimtetea mkuu wako kidogo. Kunakili si dhambi. Kwa fundi wangu nilikaa muda mrefu najaza anga na maji tu, uso wa mtu siruhusiwi kuugusa. Mamba muntu unamjua: nusu mwanamke, nusu samaki, nyoka begani, saa mkononi. Mteja anayemtaka sebuleni kwake anataka awe yule anayemjua. Ukimletea mwingine anakurudishia. Na mjini hapahapa Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi nzima juu ya magunia ya unga miaka ya 1970, alirudia kumchora Lumumba mara ngapi? Alirudia kwa sababu watu walinunua, na mkono wake ukazidi kuwa mwepesi.

Kwa hiyo usiogope mfano. Ila twiga muache. Nani Katuba kamuona twiga?

Mwalimu Mstaafu:

Mama Sindano, salamu. Ndugu yangu Fundi Gunia anasema kweli kuhusu fundi na mwanafunzi wa ufundi, lakini mtoto wa Jumamosi hajaja kutafuta kazi. Ngoja nimkumbushe jambo la mji wetu.

Mwaka 1946, Lubumbashi ikiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Le Hangar. Hakuwapa vijana picha za Ulaya wazifuate. Aliwapa rangi na burashi, akawaacha. Tazama walichotoa. Bela aliweka burashi kando akachora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijenga mtu na mnyama kwa mistari mifupi mifupi iliyolazwa pamoja. Pili Pili Mulongoy alikwenda kwa ndege na samaki. Chumba kimoja, mwalimu mmoja, na hata asiyejua kusoma sahihi hawezi kuwachanganya watatu hao.

Simgeuzi yule Mfaransa kuwa malaika. Alikuwa na wazo lake la "Mwafrika wa kweli" anavyopaswa kuchora, na kumkataza mtu asitazame vitabu vya wengine nako ni kumfunga. Mwaka 1951 Laurent Moonens alifungua chuo cha sanaa hapahapa, masomo ya kuchora kwa utaratibu, na mji ukawa na njia mbili. Wewe Beaux-Arts umeipita, unajua njia ya pili ilivyo.

Ushauri wangu: onyesha mbinu, usionyeshe picha. Ubaoni chora mistari mifupi ikilazwa upande mmoja, halafu ikikatana, halafu nukta za kujaza uwanja. Futa. Kisha waambie: tumieni hizi kuchora mtu anayeuza kitu. Hapo wote wana kitu kimoja cha kujifunza na hakuna wa kumnakili. Kuhusu umri, gawa meza kwa kazi: meza ya udongo, meza ya kukata na kubandika, meza ya kuchora. Wa miaka 14 atachoka akikaa na wadogo watupu, lakini mpe yeye funguo za kabati la mikasi uone atakavyonyooka.

Mkono wa Kijani:

Nimesoma nikasimama kwenye malakiti. Mama, HAPANA. Nimesaga lile jiwe miaka mingi.

Malakiti ni madini ya shaba. Jiwe lenyewe ni laini, ndiyo maana linachongeka, lakini kulisaga kunatoa vumbi jepesi la kijani, na vumbi hilo si la kuingia kifuani mwa mtu, sembuse mtoto. Sisi tunasaga jiwe likiwa limelowa, maji yanadondoka muda wote kwenye gurudumu, na mdomo na pua tumefunika. Kituo chenye bomba la kubahatisha kitapata wapi maji hayo? Jiwe lililokwisha kung'arishwa walishike, walipange, walichore mishipa yake, hilo halina neno. Kusaga wasisage.

Na kwa kuwa tumefika hapo: udongo wa kufinyangia unautoa wapi? Usiuchukue karibu na kiwanda cha zamani cha kuyeyushia shaba wala upande ambao moshi wake ulikuwa unapepea, wala kwenye udongo wowote wenye kijani. Una metali nzito, na wa miaka 6 kila kitu anatia mdomoni.

Wakitaka kitu cha shaba cha kwetu, wafanye misalaba ile ya kale, croisettes. Wazee wa Katanga waliimwaga shaba kwenye kalibu, ikawa fedha ya kununulia, hata bendera ya Katanga ilipojitenga mwaka 1960 ilikuwa na mitatu. Mtoto anachonga umbo kwenye udongo mbichi, anamimina jasi badala ya shaba, kesho yake anafungua. Jasi achanganye mtu mzima, na mkono usizamishwe ndani ikiwa inaganda, maana inachemka. Wale wakubwa wape waya na kandambili zilizokatika, magurudumu yatatoka humo. Magari ya waya wanayajua kuliko wewe, watakufundisha.

Mama Ntumba wa Ruashi:

Miye niko mama, batoto bangu babiri beko kwenye darasa kama ile. Bantu bote muko mnasema sanaa, sanaa, lakini hakuna hata mumoja anauliza juu nini yule mama alikasirika. Miye nitakuambia. Umutazame mutoto wake alikuwa amevaa nini. Sabuni iko bei, maji tunachota, na mutoto anarudia na nguo ya misa imejaa budongo mpaka kwenye shingo! Hata angefinyanga Bikira Maria, mama angenuna.

Shona tabliye, ile ya kufunika nguo. Uko mushonaji, kabisa.

Kiisha, mutoto asitoke na kintu bila kukisema. Mama akifika kwenye mlango, mutoto mwenyewe amuambie: huyu ni babu, meno mbili hana. Mama atacheka paka pale.

Mama Sindano:

Mama Ntumba, umenipata. Alikuwa na shati jeupe, na sasa nakumbuka mama alimgeuza mgongo kwanza kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Tabliye naanza kukata leo usiku, mabaki ya vitambaa yamejaa chini ya cherehani.

Mwalimu, hilo la kuchora mbinu na kufuta nalichukua zima zima. Mkono wa Kijani, malakiti imekufa, nitamwambia mkuu kesho na nitamsomea ulichoandika. Udongo nautoa kwenye kichuguu huku nje ya mji, mbali na viwanda. Ila vichwa vinapasuka vikikauka, karibu nusu yake. Na gundi inaniua, chupa moja haimalizi asubuhi.

Mfinyanzi wa Likasi:

Kichuguu ni sawa, mchwa wamekwisha kukuchekechea. Lakini bado upige, uuchekeche kwa wavu wa dirisha, uuloweke siku kadhaa kwenye bidoni (dumu) lililokatwa, umwage maji ya juu, ndipo uukande. Halafu chukua chungu kilichovunjika, kitwange kiwe kama mchanga, changanya: udongo nne, unga wa chungu moja. Huo ndio unaozuia kupasuka, pamoja na haya mawili.

Kichwa kisiwe kizito ndani. Mtoto akishamaliza, kikate kwa uzi toka juu, komba ndani kwa kijiko mpaka ukuta ubaki unene wa kidole, kwaruza kingo, paka udongo wa majimaji, funga tena. Na ukaushaji: kiangazi chetu kina upepo mkavu, pua na masikio yanakauka kabla ya shingo na hapo ndipo kinapoachana. Funika kwa plastiki, kivulini, fungua kidogo kidogo wiki nzima. Masika utakuwa na shida ya kinyume, havikauki kabisa.

Kuchoma usikimbilie. Kitu chenye unyevu ndani kikikutana na makala kinalipuka vipande. Kwa darasa lako viache vibichi, vipake rangi. Na mahindi, samahani, kabla ya Krismasi babu atakuwa na fukusi mdomoni. Atumie vijiwe.

Mama Ntumba wa Ruashi:

Babu na fukusi!! 😂

Gundi usinunue. Unga wa muhogo, maji baridi kwanza, ukoroge, uweke kwenye mbabula ya makala, ukoroge mpaka ing'ae kama uji wa mutoto. Utie chumvi, hapana vile itachacha kesho yake. Karatasi inashika, kartoni inashika. Mbao haishiki.

Mwalimu Mstaafu:

Uji huohuo ukizimuliwa unashika rangi pia. Udongo mwekundu wa barabarani kwetu uchekeche mara mbili, na makala yaliyotwangwa kwa nyeusi, pemba, ule udongo mweupe wa sokoni, kwa nyeupe. Rangi tatu bila kumlipa mtu. Tahadhari ya Mkono wa Kijani inahusu hapa pia: chagua barabara ya mbali na viwanda na ambayo magari ya madini hayapiti.

Mama Sindano:

Nimerudi. Nilizungumza na mkuu wa kituo. Malakiti hakubisha sana. Kwenye ukuta wa wafadhili alibisha. Anasema mgeni ana dakika kumi, anataka kuona "kazi kubwa", siyo vikaratasi thelathini kila kimoja na habari yake. Na mimi, kusema kweli, nimemwelewa, vikaratasi vidogo ukutani vinapotea.

Nimemwambia tutafanya kitambaa kimoja kikubwa. Mada moja, soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, siyo nchi) Jumamosi, na kila mtoto ana mtu wake mmoja wa kumweka sokoni: muuza makala, mama wa sombe (majani ya muhogo), mpiga picha, mlevi, polisi, yeyote. Wakubwa wanapanga barabara na mapaa kwanza ili watu wasielee. Ukisimama mbali ni picha moja, ukisogea ni watu thelathini wa watoto thelathini. Na siku hiyo mtoto anasimama karibu na mtu wake, amwelezee mgeni kama Mama Ntumba alivyosema. Kakubali, kwa sharti kwamba chini kuwe na jina la kituo kwa herufi kubwa. Hilo halinigharimu kitu.

Kilichobaki ni kitambaa chenyewe. Shuka hazitoshi na karatasi itachanika.

Fundi Gunia:

Kumbe tumekubaliana kuliko nilivyodhani. Soko ni mfano pia, ila kila mtu anaujua.

Tumia magunia ya unga, lakini yale ya kitambaa cha pamba. Haya ya plastiki yaliyofumwa usiguse, rangi inabanduka ukikunja mara moja. Fua maandishi yatoke, fumua, shona manne au sita pamoja, tandaza juu ya fremu ya mbao, paka rangi nyeupe ya maji mara mbili na uache ikauke katikati. Bila hiyo nyeupe gunia linakunywa kila kitu. Wadogo wachore kwanza kwa makala, ukikosea unapangusa kwa kitambaa.

Ya pamba siku hizi ni machache sokoni. Mimi nimeweka akiba. Njoo Ijumaa kabla ya giza nikupe sita, ila uje na sindano yako, mimi sishoni.

Mama Sindano:

Nakuja, kaka. Ni ya kilo ngapi, nijue uzi wa kubeba?

Fundi Gunia:

Ya 25. Lete uzi mnene.